Afraha: Uwanja wa Nakuru na Walioukanyaga

Mwaka 1963 Nakuru iliingia katika historia ya Kenya kwa milango miwili. Mlango wa kwanza unajulikana. Tarehe 12 Agosti, Jomo Kenyatta, akiwa Waziri Mkuu wa serikali ya madaraka, aliingia katika ukumbi wa mji akakutana na mamia ya walowezi wa Kizungu, wengi wao wakiwa wameshaanza kufunga virago kuelekea Afrika Kusini na Uingereza. Aliwaambia wabaki walime, na kwamba pande zote mbili zina ya kusameheana. Mkutano huo umo katika kila kitabu cha historia ya uhuru.

Mlango wa pili hautajwi sana, hata na wanaojiita mashabiki. Mwaka huohuo ligi ya taifa ya kandanda ilianzishwa, na timu iliyotwaa ubingwa wa kwanza kabisa haikutoka Nairobi wala Mombasa. Ilikuwa Nakuru AllStars. Basi ndani ya mwaka mmoja, ukumbini walowezi walikuwa wakibembelezwa wasiondoke, na viwanjani vijana wa mji uleule walikuwa wakiwafunga mabao wenzao wa nchi nzima. Mimi husema ukitaka kuijua Nakuru, soma hotuba ya ukumbini, lakini usisahau kwenda uwanjani. Na uwanja wa Nakuru, ukimwuliza mtu yeyote pale stendi ya matatu, ni Afraha.

Nakuru ni mtoto wa reli. Reli ya Uganda ilifika hapo mwaka 1900, na mwaka 1904 mahali hapo pakatangazwa kuwa mji mdogo. Kulikuwa na ziwa la magadi upande wa kusini, kreta ya Menengai upande wa kaskazini, na katikati ardhi ambayo Wamaasai walikuwa wakilisha mifugo kabla mikataba haijawahamisha. Lord Delamere alipewa ekari 100,000 kule Njoro. Walowezi wengine wakafuata, wakapanda ngano, mahindi na pareto, wakaunda chama chao cha wakulima, Kenya Farmers Association, na makao yake yakawa Nakuru. Hadi leo mzunguko wa barabara mjini unaitwa KFA, na makondakta wanautaja kana kwamba ni jina la ukoo. Mji ulikuwa makao makuu ya walowezi: hapa ndipo walikuja kuuza mavuno, kukopa benki, kunywa, kugombana na serikali ya Nairobi, na kucheza.

Michezo ya enzi hizo ilifuata ramani ya rangi. Wazungu walikuwa na klabu yao katikati ya mji, hii inayoitwa leo Rift Valley Sports Club, yenye uwanja wa kriketi uliokatwa nyasi vizuri mpaka sasa. Raga ilikuwa na makao yake, Nakuru Athletic Club, ambako hadi leo huchezwa mashindano ya Prinsloo Sevens. Wahindi walikuwa na klabu zao, wakicheza kriketi na hoki. Mwafrika aliyeruhusiwa kupita lango la klabu hizo alikuwa mpishi, mhudumu au mkata nyasi. Mitaa ya Waafrika ilikuwa upande wa chini, Bondeni na Kaloleni, na huko mchezo ulikuwa mpira wa miguu, kwa sababu mpira hauhitaji fimbo ya kununua, farasi wala ada ya uanachama. Ukipata mpira wa kushona na kipande cha ardhi tambarare, mchezo umeanza.

Katika mazingira hayo, uwanja wa manispaa ulikuwa na maana ambayo klabu haikuwa nayo. Klabu ni ya wanachama. Uwanja wa manispaa, kwa nadharia, ni wa kila anayelipa kodi ya mji, na hata wa yule asiyelipa lakini ana senti za kiingilio. Afraha ulikuwa mali ya manispaa, na mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza ukaenda mikononi mwa Kaunti ya Nakuru. Katika miaka yake mingi ulikuwa uwanja wa kawaida kabisa: jukwaa kuu lenye paa, ngazi za saruji za kukalia, njia ya mbio ya udongo kuzunguka nyasi, ukuta, na malango ambayo siku ya mechi kubwa hayatoshi. Ulihesabiwa kuchukua watu 8,200. Kwa viwango vya Nairobi ni mdogo. Kwa mji wa mkoani ulitosha, na siku nyingine ulizidi.

Nirudi kwa AllStars, maana hapo pana jambo. Tazama orodha ya mabingwa wa miaka ile ya mwanzo. Mwaka 1964 ni Luo Union. Mwaka 1966 na 1967 ni Abaluhya. Mwaka 1968 ni Gor Mahia. Klabu hizi zilitokana na vyama vya jamii, na zilikuwa na nguvu kwa sababu Mjaluo aliyekuwa karani Nairobi au Mluhya aliyekuwa mfanyakazi wa reli Mombasa alijiona yuko nyumbani zinapocheza. Lakini bingwa wa kwanza alibeba jina la mji. Feisal ya Mombasa, bingwa wa 1965, nayo ilikuwa na watu wake wa pwani. Nakuru AllStars, kama jina lenyewe linavyodokeza, ilikuwa timu ya wateule wa mji, na mji wenyewe ulikuwa wa watu waliotoka kila upande: waliokuja na reli, waliofukuzwa mashambani, waliotafuta kazi viwandani, Wakikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakalenjin, Wakisii, Wanubi, Wasomali. Walichukua ubingwa tena mwaka 1969.

Baada ya hapo mkondo ulikwenda kwingine. Mwaka 1972 Kenya Breweries ilikuwa kampuni ya kwanza kuchukua ligi, na miaka ya 1970 ikawa ya kampuni kwa upande mmoja na jamii kwa upande mwingine. Timu ya mji isiyo na mwajiri wala ukoo nyuma yake ilikosa wa kuilipia basi. Hata serikali ilipoagiza klabu ziache majina ya kikabila, na Abaluhya ikawa AFC Leopards mwaka 1980, mashabiki hawakubadilika. Jina la AllStars lilirudi ligi kuu kwa muda mfupi katika miaka ya 2010, likashuka tena. Naona hasara hapo ambayo haijahesabiwa. Kenya ilianza ligi yake kwa kumpa kombe bingwa asiye na kabila, kisha ikamwacha afe njaa.

Nakuru haikukosa vipaji, ilikosa fedha za kuvishika. Katika ndondi, mji huu ulimtoa Philip Waruinge, aliyeshinda nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na papo hapo akapewa kombe la Val Barker la bondia mwenye ustadi kuliko wote wa mashindano yale. Munich 1972 akapata fedha, kisha akaenda Japani kupigana ngumi za kulipwa. Mabondia wa Nakuru walijifunzia katika ukumbi wa jamii uliopewa, bila aibu yoyote, jina la Madison Square Garden. Nimewahi kusikia watu wa Nairobi wakilicheka jina hilo. Waacheni wacheke: ukumbi huo umetoa mabondia wa timu ya taifa kizazi baada ya kizazi, na sijui kumbi nyingi za Nairobi zinazoweza kujisifu hivyo.

Mwanzoni mwa karne hii kombe la ligi lilirudi Bonde la Ufa kwa njia ya maua. Oserian, timu ya shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, ilitwaa ubingwa mwaka 2001 na 2002. Kisha wakaja wanajeshi. Ulinzi Stars iliundwa mwaka 1995 kwa kuunganisha timu za vikosi mbalimbali vya jeshi, ikachukua ligi mwaka 2003, 2004 na 2005 mfululizo, na tena mwaka 2010. Ndiyo timu iliyoufanya Afraha uwe nyumbani kwake na kuupa uwanja huo miaka yake ya soka inayokumbukwa zaidi na kizazi cha sasa.

Jeshi na Nakuru wana historia ndefu. Kambi ya Lanet iko nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Nairobi. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi hapo Lanet, wiki ileile ambayo askari wa Tanganyika na Uganda walikuwa wameasi, na Kenyatta akaomba msaada wa majeshi ya Uingereza kuwazima. Miaka arobaini baadaye wanajeshi walikuwa wakiingia mjini Jumamosi au Jumapili kuimba kwa ajili ya mpira. Mtu aliyekulia Nakuru haoni ajabu katika hilo, lakini nchi nyingi za Afrika zingelipenda kubadilishana historia na sisi.

Tuingie uwanjani siku ya mechi, miaka ile Ulinzi ikiwa nyumbani na Gor Mahia mgeni. Tangu saa nne asubuhi boda boda zinatoka Kaptembwo, Rhonda, Langa Langa na Free Area, abiria wawili nyuma, mmoja ameshika bendera ya kijani. Mabasi ya mashabiki yanaingia kutoka Nairobi na Kisumu, madirisha wazi, watu wamejitokeza hadi kiunoni. Nje ya lango mama mmoja ana karai la mayai ya kuchemsha. Analipasua yai kwa kisu kidogo, anajaza kachumbari na pilipili katikati, anakukabidhi kwenye kipande cha karatasi, na mkono wake wa pili tayari umeshapokea shilingi za anayefuata. Pembeni kuna mwenye njugu, mwenye mahindi ya kuchoma, mwenye smokie, na kijana anayeuza vipande vya katoni vya kukalia, kwa kuwa saruji ya ngazi za Afraha, mvua ikiwa imenyesha jana, haimhurumii mtu. Ndani, upande wa wanajeshi, nyimbo zinaimbwa kwa mpangilio: mmoja anaanza, mia wanaitikia kwa pamoja, miguu inapiga chini kwa wakati mmoja. Upande wa Gor kila mtu ana tarumbeta lake na wimbo wake. Na mara nyingi wageni huwa wengi kuliko wenyeji, jambo ambalo watu wa Nakuru hulilalamikia na kulikubali kwa pumzi ileile.

Kisha kuna hewa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Timu za Mombasa zikija Afraha, dakika ya sitini utaona wachezaji wameshika viuno. Kiangazi kikizidi, ziwa hukauka ukingoni na upepo huleta vumbi jeupe la magadi linalouma macho. Mvua ikija inakuja alasiri, kali, na ule upande wa jukwaa usio na paa hubaki mtupu kwa dakika moja.

Raga ilibaki kwenye klabu yake, lakini haikubaki ya Wazungu. Nakuru RFC, vijana wanaoitwa Wanyore, walitwaa Kenya Cup mwaka 2013 na 2014, wakawanyamazisha watu wa Nairobi waliozoea kuuona ubingwa huo kuwa haki yao ya kuzaliwa.

Sasa siasa. Nakuru ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Bonde la Ufa, na mkoa huo ndio uliokuwa na ardhi iliyogombewa kuliko yote nchini. Kenyatta alipenda kukaa Ikulu ya Nakuru. Moi alikuwa na nyumba na shamba Kabarak, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Kwa hiyo mambo makubwa ya nchi yalikuwa na tabia ya kuanzia hapa. Tarehe 26 Septemba 1976 wanasiasa wa kundi la kubadilisha Katiba, waliotaka kumzuia Makamu wa Rais, yaani Moi, asirithi kiti kwa muda Rais akifa, walifanya mkutano wao wa kwanza mkubwa mjini Nakuru. Miongoni mwa vinara wao alikuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini, Kihika Kimani. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawaonya kwamba kuwazia kifo cha Rais ni kosa la jinai, kampeni ikafifia, na Kenyatta alipofariki mwaka 1978, Moi akaapishwa. Binti wa Kihika Kimani, Susan Kihika, ndiye gavana wa Nakuru tangu mwaka 2022, na kwa cheo hicho ndiye mwenye funguo za Afraha. Nchi ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Lakini mwaka usioweza kuepukwa ukiisimulia Afraha ni 2008.

Matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalipotangazwa, ghasia zililipuka Eldoret, Kisumu, Nairobi, Burnt Forest, Molo na Kuresoi. Kwa wiki kadhaa Nakuru mjini ilikuwa imetulia kiasi, na kwa sababu hiyo ikawa kimbilio. Malori yalishusha familia na magodoro yao usiku na mchana. Uwanja wa maonyesho ya kilimo, Showground, ukajaa Wakikuyu waliotoka Bonde la Ufa kaskazini, ukawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa nchini. Kisha kuanzia tarehe 24 Januari vita viliingia mjini kwenyewe. Makundi yenye panga, mishale na rungu yaliwindana Kaptembwo, Ponda Mali, Free Area. Jeshi likaingia mitaani na serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Tarehe 27 moto ulihamia Naivasha. Aliyekuwa mwenyeji juzi akawa mkimbizi leo, na kwa kuwa Showground ilikuwa na watu wake, wengine walipelekwa uwanja wa Afraha.

Uwanja ukawa kambi. Mahema na turubai juu ya nyasi, jukwaa kuu likawa ghala na malazi ya wale waliowahi kufika mapema, kamba za nguo zikafungwa kutoka mlingoti mmoja wa goli hadi mwingine. Msalaba Mwekundu walileta unga, maharagwe na maji. Watoto, kama watoto wa kila mahali, walicheza mpira kwenye nafasi iliyobaki kati ya mahema, na hao pengine ndio wachezaji wa Afraha ambao hakuna aliyeandika majina yao kwenye karatasi ya kikosi. Kofi Annan aliposimamia makubaliano ya tarehe 28 Februari, bunduki na mapanga vilinyamaza, lakini watu hawakurudi nyumbani siku hiyo. Mei serikali ilianzisha kile ilichokiita Operesheni Rudi Nyumbani. Wengi hawakuwa na nyumba ya kurudia, wakahamia vitongoji vingine au wakaondoka Bonde la Ufa moja kwa moja. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipofungua kesi za Kenya, mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta na Francis Muthaura yalihusu matukio ya mahali pawili: Nakuru na Naivasha, siku zilezile za mwisho wa Januari 2008. William Ruto na mtangazaji Joshua Sang walishtakiwa kwa yaliyotokea Bonde la Ufa kaskazini. Yaani washtakiwa walitoka pande mbili za vita vilivyowajaza watu Showground na Afraha.

Jumapili, tarehe 2 Desemba 2012, Uhuru na Ruto walikuja uwanja wa Afraha pamoja. Wafuasi wa TNA, chama cha Uhuru, walivaa nyekundu, wa URP, chama cha Ruto, njano, na muungano wa uchaguzi wa Jubilee ukatangazwa mbele ya umati. Kuna waliouita mkataba wa kukwepa The Hague, na kuna waliouita mwisho wa uadui wa Wakikuyu na Wakalenjin. Nakuru haikuhitaji kuchagua neno: iliona majirani waliofukuzana miaka minne na miezi kumi kabla ya hapo wakisimama nyasi zilezile wakishangilia. Nani asingependa amani hiyo? Swali ambalo halikuulizwa jukwaani ni la yule aliyelala pale chini ya turubai, na ambaye nyumba yake ya Kaptembwo sasa inakaliwa na mtu mwingine.

Uhuru na Ruto walishinda uchaguzi wa Machi 2013. Kesi ya Muthaura iliondolewa mwezi huohuo, ya Uhuru ikaondolewa Desemba 2014, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji walifuta ya Ruto na Sang, wakieleza wazi kwamba hilo si tamko kuwa washtakiwa hawana hatia, na kwamba mashahidi walikuwa wameingiliwa. Siku kumi na moja baadaye, Jumamosi ya tarehe 16 Aprili, mkutano wa kitaifa wa maombi na shukrani ulifanyika. Wapi? Afraha. Rais Uhuru alisema Mkenya mwingine hatapelekwa tena kuhukumiwa ng'ambo. Maaskofu na wachungaji waliomba, wanasiasa walicheza. Sioni kosa mtu kumshukuru Mungu akitoka kwenye kesi. Ila shukrani hizo zilifanyika juu ya uwanja uliokuwa kambi ya waathiriwa wa matukio ya kesi hizo, na waathiriwa walitajwa kidogo mno. Ninayaandika haya kwa kuwa miaka inapita haraka na walio chini ya umri wa miaka ishirini hawajui kwamba mambo hayo mawili yalitokea mahali pamoja.

Wiki sita baadaye uwanja ulipata siku yake ya heshima zaidi. Tarehe 1 Juni 2016 sherehe za Madaraka zilifanyika nje ya Nairobi kwa mara ya kwanza, na mji uliochaguliwa ulikuwa Nakuru. Afraha ulifanyiwa ukarabati wa haraka, gwaride la jeshi likapita mbele ya jukwaa, ndege zikaruka chini juu ya mji, na wanafunzi walioamka saa tisa usiku wakasimama foleni langoni gizani. Siku hiyohiyo wapinzani wa muungano wa CORD walifanya mkutano wao Uhuru Park, Nairobi, na magazeti ya kesho yake yaligawanya ukurasa wa kwanza. Tangu hapo Madaraka imekwenda Nyeri, Meru, Narok, Kisumu na kwingineko, lakini mlango ulifunguliwa hapa.

Cha kuchekesha, kama ni cha kuchekesha, ni kwamba ilani ya Jubilee ya mwaka 2013 iliahidi viwanja vipya vya hadhi ya kitaifa katika miji mitano: Kisumu, Mombasa, Eldoret, Garissa na Nakuru. Waliotoa ahadi hiyo walikuwa wameizindua ndoa yao ya kisiasa juu ya nyasi za Afraha, kwa hiyo haiwezekani kwamba hawakuijua hali ya vyoo vyake. Uwanja mpya haukuja. Kilichokuja, kwa kuchelewa, ni ukarabati wa ule wa zamani, uliofadhiliwa kupitia mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji. Ulianza enzi za Gavana Lee Kinyanjui, ukaendelea kwa awamu chini ya Gavana Kihika, ukigharimu mamia ya mamilioni ya shilingi. Tarehe 1 Desemba 2021 Uhuru Kenyatta aliipa Nakuru hadhi ya jiji, la nne nchini, lakini katika miaka yake ya kwanza jiji jipya halikuwa na Afraha wa kuchezea mechi ya ligi, kwa sababu uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati ya ujenzi. Ulinzi Stars ilihama. Timu ambayo watu wa Nakuru waliiita yao sasa hucheza nyumbani Lang'ata, Nairobi, katika uwanja wa jeshi wenyewe.

Kufungwa kwa uwanja kwa ajili ya kutengenezwa si kosa. Kosa ni kufungwa miaka nenda miaka rudi, mabati yakiwa bado yapo. Timu za mitaa zilirudi kwenye viwanja vya shule na vya makanisa. Zile ligi za vijana za wikendi, ambazo ndizo zilizowahi kulisha AllStars, zikawa zinategemea hisani ya mwalimu mkuu.

Kabla mji haujaufurahia uwanja huo ipasavyo, ugomvi mwingine ukazuka: jina. Mwaka 2025 ulikuja mpango wa kuliondoa jina la Afraha na kuupa uwanja jina la Rais William Ruto. Wakazi waliupinga, na suala likafika Mahakama Kuu. Msimamo wangu ni mwepesi. Marais wana barabara za kutosha, hospitali za kutosha na shule za kutosha. Uwanja uliopokea mabingwa, wakimbizi, washtakiwa na gwaride la taifa, vyote chini ya jina moja, usipewe jina la yeyote kati ya wageni wake.

Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Mechi za Kenya zilichezwa Kasarani na Nyayo, zote Nairobi. Mwaka 2027 nchi hizohizo zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na serikali inajenga uwanja mpya kwa ajili hiyo, nao pia uko Nairobi. Bonde la Ufa la kati, lililotoa bingwa wa kwanza wa ligi na, ukijumlisha Nakuru, Naivasha na wanajeshi wake, mabingwa wengine baadaye, litatazama kwenye televisheni. Sitegemei hilo libadilike upesi, na sidhani ndilo kubwa. Uwanja wa kaunti haukujengwa kwa ajili ya shirikisho la soka la Afrika, CAF.

Basi neno langu ni kwa msomaji anayeishi Nakuru. Katiba ya 2010 inaitaka kaunti ikusikilize kabla ya kupitisha bajeti. Siku ya mkutano wa maoni ya umma itakapotangazwa katika wadi yako, nenda, na uulize maswali mawili kuhusu Afraha: timu za mtaa wako zitapewa siku gani za wiki kuutumia, na kwa ada ya shilingi ngapi. Usikubali kuondoka kabla jibu halijaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.